Ninunue Begi Gani? Mzigo wa Ndege kwa Anayeondoka Oruchinga au Nakivale

Jina la familia linapotoka kwenye orodha ya wanaosafiri, swali la kwanza baada ya machozi na simu kwa ndugu huwa ni hili: ninunue begi gani? Huulizwa Oruchinga kwa jirani aliyewahi kumsindikiza mtu uwanja wa ndege wa Entebbe. Huulizwa kwa WhatsApp kwa shemeji aliyekwisha kufika Marekani. Huulizwa tena mbele ya maduka ya Mbarara, ambako jibu hutegemea mwenye duka amebakiwa na bidhaa gani.

Oruchinga na Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyo wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Oruchinga ikafunguliwa 1961, wakati watu wengi walipokuwa wakiikimbia Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kule Nakivale pia Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wachache kati yao huondoka kwa ndege. Duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Nchi ya tatu ni ile ambayo si nchi uliyoikimbia wala nchi iliyokupokea kwanza. Inaweza kuwa Kanada, Australia, Norway au nyingineyo. Kambini mpango huo huitwa prosesi. Wapo pia wanaokwenda kuungana na mume, mke au mzazi, na vijana waliopata ufadhili wa masomo. Sura hii ni yao wote, maana mizani ya uwanja wa ndege haiulizi mtu amepata tiketi kwa njia gani.

Nitasema mapema ninachoamini. Begi linalofaa safari hii ni laini, jepesi, lenye zipu nene na mshono wa kuaminika, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya sanduku gumu linalong'aa. Anayehama na nyumba yake yote hana kilo ya kumpa begi tupu.

Mizani kwanza, duka baadaye

Mzigo wa ndege uko wa aina mbili. Kuna mzigo wa mkononi, unaoingia nao ndani na kuuweka juu ya kiti au miguuni. Na kuna mzigo wa kukabidhi, unaouacha kaunta, ukafungwa karatasi yenye namba, ukapakiwa tumboni mwa ndege.

Mashirika mengi ya ndege hupima begi la kukabidhi kwa kilo 23. Upana, urefu na kina chake vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi moja likipita kilo 32, mashirika mengi hayalipokei kabisa hata ukilipia, kwa sababu mtu atalibeba kwa mgongo wake. Mzigo wa mkononi huanzia kilo 7 na mashirika mengine hufika 12.

Umeruhusiwa mabegi mangapi? Usimwulize jirani aliyesafiri mwaka juzi. Soma tiketi yako. Palipoandikwa mzigo utaona alama fupi. Herufi PC huhesabu mabegi: 1PC ni begi moja, 2PC ni mawili. Ikiandikwa namba yenye K au KG, hizo ni kilo. Mtoto mchanga asiye na kiti chake huwa na haki ndogo kuliko ya mtu mzima, na hilo nalo limo kwenye tiketi. Tiketi zikiwa mikononi mwa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ambalo ndilo husafirisha wengi wa wanaokwenda kwa prosesi, uliza siku ya mafunzo ya kabla ya safari: kila mtu wetu ana mabegi mangapi, na kilo ngapi kila moja? Andika jibu kwenye daftari, palepale.

Sasa tupime begi lenyewe likiwa tupu. Sanduku gumu kubwa lenye magurudumu manne huwa na kilo 4 hadi 5. Begi la kitambaa lenye magurudumu mawili huwa na 3 au zaidi. Begi refu laini, la kubeba kwa mkono au begani, huwa na kilo 1 hadi 2. Mfuko wa mistari wa plastiki iliyofumwa, ule ambao Tanzania huitwa shangazi kaja, haufiki nusu kilo. Sanduku la bati la wanafunzi wa bweni sitalijadili, maana nusu ya safari utakuwa umelipia bati.

Chukua familia ya watu sita, kila mmoja ana begi moja. Wakinunua masanduku magumu ya kilo 4 na nusu, na wenzao wakinunua mabegi laini ya kilo 1 na nusu, tofauti ni kilo 3 kwa kila mtu. Kwa watu sita ni kilo 18. Hizo ni blanketi za watoto, vitenge vya mama, viatu vya wote, na nafasi hubaki.

Huna mizani? Unayo karibu. Mnunuzi wa maharage na mahindi anayo ile ya kuning'iniza, na hapimi kutwa nzima. Mwombe jioni, ulining'inize begi tupu, kisha lililojaa. Njia ya pili ni mizani ya kusimama, kama ile ya zahanati: simama peke yako, kisha simama umelikumbatia begi, utoe namba ya kwanza kwenye ya pili. Lenga kilo 22. Mizani hazifanani, na kilo moja ya akiba ni nafuu kuliko kufungua begi sakafuni Entebbe na foleni ikiwa nyuma yako.

Nunua begi mapema, uza vitu vya nyumba mwisho

Hili si suala la begi peke yake, lakini kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyomo katika sura hii.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi kuanzia tarehe 27 ya mwezi huohuo. Safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Katika nchi nyingi wapo waliokuwa wamekwisha kuuza mifugo na vitanda, wamekabidhi nyumba na kuwaaga majirani, na mabegi yamefungwa. Mtu wa namna hiyo hurudi kulala chini katika nyumba aliyokuwa akilala kitandani.

Kwa hiyo begi linunue mapema kidogo, kwa sababu halipotezi thamani: safari ikiahirishwa linaweka nguo, na linauzika. Jembe, masufuria, godoro, mbuzi na shamba lililopandwa viache vikae hadi siku za mwisho kabisa. Panga na mnunuzi kwa maneno, mkubaliane bei, lakini mali isitoke mpaka gari la kuwachukua lina tarehe iliyothibitishwa. Na usikope pesa za begi. Waliokuwa wakienda Marekani kwa prosesi walitia saini ahadi ya kulipa nauli ya ndege polepole baada ya kufika, mkopo usio na riba. Deni la namna hiyo peke yake linatosha.

Kwa ufupi:
- Soma PC au K kwenye tiketi kabla ya kuingia dukani.
- Pima begi tupu, kisha lililojaa, na ulenge kilo 22.
- Begi mapema. Mali ya nyumba mwisho.

Jinsi wazamiaji wa Mafia wanavyofunga mizigo

Wapo wasafiri wanaojua hesabu ya kilo kuliko wengi, nao ni watu wanaozamia baharini kwa kifaa cha kupumulia. Huja kisiwa cha Mafia, Tanzania, ambako hifadhi ya bahari imekuwapo tangu 1995, kuona matumbawe na, kuanzia Oktoba hivi, papa potwe. Kutoka Dar es Salaam wengi hupanda ndege ndogo, na humo kilo 15 kwa mtu ndiyo kawaida, tena begi liwe laini. Sanduku gumu haliingii katika sehemu ya mizigo ya ndege hiyo, kwa sababu halikunjiki kufuata umbo la nafasi iliyopo.

Mzamiaji ana vitu vizito na vyenye maji: vazi la mpira, miwani, viatu vya kuogelea virefu kama makasia, na kifaa cha kupumulia ambacho kikiharibika chini ya maji ni hatari ya maisha. Anafungaje? Mtungi wa hewa hauchukui, wala vipande vya risasi vinavyomzamisha. Hivyo hukodi kulekule Mafia. Kifaa cha kupumulia hakiachi kaunta, hukaa naye mkononi. Vazi la mpira hulizungushia vitu vinavyovunjika. Kisu huenda kwenye mzigo wa kukabidhi, betri ya tochi huenda mkononi. Begi lenyewe ni la kitambaa, halina mapambo, na mengine yana matundu ya wavu chini ili maji yatoke.

Mhamaji wa Oruchinga anaweza kufuata utaratibu uleule, kitu kwa kitu. Kinachopatikana kule kiache: sabuni, ndoo, sufuria, chumvi. Kisicho na mbadala kibebe mkononi. Nguo ndizo sanduku la vitu vinavyovunjika, kwa hiyo picha yenye kioo itolewe kioo, izungushiwe kitenge, ikae katikati ya begi mbali na kingo.

Kitambaa, zipu, mshono

Ukifika Mbarara utakuta mabegi mapya madukani na yaliyotumika kwenye mitumba, ambayo Waganda wengi huita mivumba. Usidharau ya mitumba. Begi lililokwisha kusafiri miaka kadhaa bila kuchanika limekwisha kufanyiwa mtihani ambao jipya bado halijafanyiwa.

Kwenye lebo ya begi la kitambaa unaweza kuona namba yenye herufi D, kwa mfano 600D au 1680D. Hiyo ni denia, kipimo cha unene wa uzi: gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 600D ni gramu 600 kwa urefu huo. Namba ikipanda, kitambaa huwa kigumu zaidi kuchanika na pia kizito zaidi. Kwa safari hii 600D inatosha, mradi chini pawe na kitambaa cha pili. Nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta ya unene uleule, na bei yake hupanda kidogo.

Masanduku magumu nayo hayafanani. Yale ya bei ndogo hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, inayopasuka ikigongwa kwenye pembe. Polikaboneti hubonyea kisha hurudi. Bonyeza ubavu wa sanduku kwa kiganja: likitoa mlio mkavu na kuwa na mstari mweupe, liache.

Zipu ndiyo inayokufa kwanza. Ipo ya meno ya plastiki yanayoonekana moja moja, na ipo ya uzi uliozungushwa kama springi, ambayo huonekana laini. Hii ya pili hunyumbulika vizuri kwenye kona, lakini mwizi akichomeka ncha ya kalamu katikati huifungua hata kama kuna kufuli, kisha hupitisha vishikio na kuifunga tena usijue. Ndiyo sababu simu, pesa na dhahabu hazikai humo. Kwa vyovyote chagua zipu pana. Kampuni ya YKK ya Japani, iliyoanza 1934, huandika herufi hizo tatu kwenye kishikio, na ingawa huigwa sana, zipu yake halisi ni dalili kwamba mtengenezaji hakubana pesa pale pasipofaa.

Na magurudumu? Wazo la sanduku la magurudumu lilipata hataza Marekani 1972, kwa jina la Bernard Sadow. Lile la kusimama wima lenye mkono wa kuvuta lilibuniwa 1987 na rubani Robert Plath. Yote mawili yalifikiriwa kwa sakafu laini za viwanja vya ndege. Safari yako inaanzia kwenye vumbi na mawe, kwenye boda boda au nyuma ya gari, na kwa zaidi ya kilomita 260 kutoka Mbarara hadi Kampala begi linakaa kwenye buti au juu ya basi. Vigurudumu vinne vidogo vinavyozunguka kila upande huvunjika kwenye ngazi ya kwanza. Mwenye mgongo mbovu, mjamzito au mzee anayesafiri peke yake achukue la magurudumu mawili makubwa yaliyozama nusu ndani ya begi, akubali kupoteza kilo moja au mbili. Wengine waache.

Ukiwa dukani, usione haya kufanya haya mbele ya mwenye duka:
- Fungua na ufunge zipu kwenye kona mara kadhaa, ukiwa umeivuta kando kwa mkono mwingine.
- Geuza begi ndani nje kwenye kona za chini, utazame kama mshono ni mmoja au miwili.
- Weka kitu kizito ndani, uliinue kwa mpini mmoja tu, usikilize uzi.
- Tazama mahali mkanda wa bega unaposhikana na begi. Pakiwa na pete ya plastiki, mwombe fundi aishonee kabisa au aweke ya chuma.

Fundi cherehani wa kambini anaweza kuimarisha begi la bei ndogo kwa mshono wa pili na mkanda wa nailoni kupita chini yake. Kwa pesa chache utapata begi lenye nguvu kuliko la bei mara mbili, na pesa hiyo imebaki kwa jirani yako.

Shangazi kaja si aibu

Nimesikia wazazi wakisema hawawezi kufika Ulaya na mfuko wa mistari, watu watawaonaje. Neno hili linaniuma. Mfuko huo umebeba mali za waliohamishwa katika nusu ya bara letu. Afrika Magharibi huitwa Ghana Must Go tangu Januari 1983, serikali ya Nigeria ilipowaamuru wageni wasio na vibali waondoke, wengi wao wakiwa Waghana. Mwenye kuubeba hana la kuficha.

Udhaifu wake ni wa kweli lakini unatibika. Zipu yake ni nyembamba na mipini hung'oka. Weka mmoja ndani ya mwingine, ujaze nguo na mashuka tu, uufunge kwa kamba ya nailoni kwa msalaba na kuzungushia kando, mafundo yawe mafupi yasinaswe kwenye mikanda ya kupakilia. Vyombo na vitabu viende kwenye begi la kitambaa. Familia kubwa inaweza kuchanganya: mabegi mawili imara kwa vitu vizito, iliyobaki mifuko ya mistari kwa nguo.

Ndani ya kila begi tandaza kwanza mfuko mkubwa wa nailoni, kisha nguo ziingie humo na mdomo ukunjwe. Mvua za kwetu, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, hazingoji gari liwe na turubai.

Visivyoingia kwenye begi lolote la kukabidhi

Wanaosafirishwa na IOM hupewa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu. Humo hukaa hati za safari na karatasi za daktari. Mfuko huo hauwekwi juu ya kiti, haupewi mtoto, haufichwi ndani ya begi. Hukaa kifuani kwa mtu mmoja mzima aliyechaguliwa na familia, kwa sababu kila mpokezi wa njiani atautafuta kwa macho.

Pamoja nao, begi dogo la mgongoni libebe haya:
- vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya ubatizo, ripoti za shule na kadi za chanjo;
- dawa za kila siku katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari;
- nguo ya kubadili ya kila mtoto, na nepi zaidi ya unavyodhani;
- simu, chaja na picha za zamani zisizo na nakala.

Kabla ya kuondoka, piga picha kila karatasi kwa simu na uzitume kwa ndugu wawili wanaoishi mahali tofauti. Ripoti ya shule ya Nakivale inaweza kuamua mtoto ataingia darasa gani kule anakokwenda. Ikipotea, kuitafuta kutoka mbali huchukua miezi.

Betri ya akiba ya simu, pawa benki, lazima iwe mkononi. Betri za lithiamu zikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuuzima. Zikishika moto ndani, wahudumu wataona. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, na pawa benki ya mAh 20,000 ni takriban 74, kwa hiyo hupita. Katika mzigo wa mkononi, vitu vya majimaji na mafuta ya kujipaka visizidi mililita 100 kwa chupa, sheria ambayo viwanja vingi vimeishika tangu 2006.

Koti zito usilipakie, livae. Ndani ya ndege kuna baridi, na kinachovaliwa hakipimwi. Makoti ya mitumba Mbarara ni nafuu kuliko utakayoyakuta kule.

Chakula cha nyumbani

Hapa moyo na sheria hugombana. Mama anataka wanawe wapate ladha ya nyumbani wiki ya kwanza, na mimi niko upande wake, mradi begi lisizuiwe.

Nyama, hata iliyokaushwa, iache. Marekani na Umoja wa Ulaya huichukua mlangoni, na Ulaya huchukua pia maziwa, isipokuwa ya unga ya mtoto mchanga katika kopo lisilofunguliwa, hadi kilo 2. Samaki wakavu, dagaa wakiwemo, Marekani huwaruhusu kwa matumizi ya nyumbani, na Ulaya huwaruhusu hadi kilo 20. Mbegu za kupanda, udongo na matunda mabichi yaache. Australia ni kali kupita wote: huko kila chakula hutajwa kwenye fomu, na kutaja hakukugharimu kitu, kuficha ndiko hutozwa faini.

Mawese nayaogopa kwa sababu nyingine. Chupa moja ikipasuka, vitenge vyote na blanketi huwa vimekwisha, na rangi hiyo haitoki. Miji mingi yenye Wakongo ina duka linaloyauza. Dagaa nao wafungwe mifuko mitatu, kila mmoja ukitolewa hewa, kisha wakae mbali na nguo za watoto.

Kutoka Entebbe hadi mlango mpya

Andika jina kama lilivyo kwenye hati ya safari, herufi kwa herufi, hata kama karani alikosea. Karatasi moja ibandikwe nje, nyingine ikae ndani juu ya nguo, na namba ya simu ya anayekupokea. Kata kitenge kimoja vipande, ufunge kila begi la familia kwa kipande kimoja. Katika ukanda unaozunguka na mabegi meusi mia moja, mtoto wa miaka sita ataliona lenu kabla yako. Piga picha ya kila begi likiwa limefungwa, na ndani yake kabla halijafungwa.

Kaunta watakupa vikaratasi vyenye namba, kimoja kwa kila begi. Hesabu vikaratasi na mabegi papo hapo, viwe sawa, na uvihifadhi kwenye mfuko wa hati. Wanaokwenda Marekani wajue hili: kwenye uwanja wa kwanza wa nchi hiyo, hata kama tiketi inaendelea hadi mji mwingine, kwa kawaida mabegi huchukuliwa, hupita forodha, kisha hukabidhiwa tena. Anayedhani yatajipeleka huyaacha nyuma.

Begi lisipotokea, msiende nyumbani. Nendeni dirisha la mizigo iliyopotea mkiwa bado ndani ya uwanja, na vikaratasi na picha. Aliyekuja kuwapokea awasaidie lugha. Chini ya mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi nyingi, begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kwa siku 21 huhesabiwa limepotea, na shirika la ndege linawajibika kulipa, awe mwenye begi ni mfanyabiashara au mkimbizi aliyetua usiku huo. Dirishani watakupa namba ya taarifa. Usitoke uwanjani bila namba hiyo.